Kiingereza Tulichobeba na Kiingereza Tulichokikuta

Kila ifikapo Agosti na Septemba, mtu mwenye shughuli katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hakosi kuona makundi ya watu waliovaa nguo za Jumapili, wamemzunguka kijana mmoja mwenye sanduku kubwa. Mzee wa kanisa anaomba. Shangazi anajifuta machozi kwa pembe ya leso. Mjomba anarudia kwa mara ya tano kwamba jina la ukoo lisije likatiwa doa huko aendako. Kijana anakwenda kusoma ng'ambo, na nyuma ya tiketi aliyoishika kuna harambee, kuna ng'ombe waliouzwa, na mara nyingine kuna kipande cha shamba ambacho hakitarudi tena mikononi mwa jamaa yake.

Huusiwa mengi hapo uwanjani: avae nguo nzito, asisahau kanisa, ajihadhari na marafiki wabaya. Sijapata kumsikia mtu akimweleza kwamba mwalimu wake wa huko akisema "labda" huenda asimaanishe labda. Nami sikuelezwa, na nilikaribia kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hiyo.

Nilikwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamifu katika muongo wa kwanza wa karne hii, katika chuo kimoja cha kaskazini mwa nchi hiyo. Nilikuwa nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, nilikuwa nimekifundisha katika shule ya upili, na shahada yangu ya uzamili ilikuwa ya isimu. Msomaji ana haki ya kuuliza: kama kuna mtu ambaye hakupaswa kukwamishwa na lugha, si wewe? Naam, hata mimi nilidhani hivyo.

Mwaka wa kwanza nilimpelekea msimamizi wa tasnifu yangu sura mbili. Alikuwa mzee mpole, mwenye kusoma kila neno, na baada ya wiki mbili alinirudishia karatasi zikiwa na maandishi madogo ya kalamu ya risasi pembeni. Kwenye sehemu ya nadharia aliandika maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa kama haya: "Inavutia. Labda ungependa kuitazama tena sehemu hii." Nilifurahi. Niliitazama, nikajiuliza kwa moyo mkunjufu kama ningependa, nikaona nisingependa, nikaendelea na sura ya tatu.

Miezi minne baadaye niliketi mbele ya jopo linalopima maendeleo ya wanafunzi. Niliambiwa, kwa upole uleule, kwamba nilipewa maelekezo nikayapuuza, kwamba kuna shaka kuhusu uwezo wangu wa kupokea ushauri, na kwamba uamuzi wa kunisajili kikamilifu kwa shahada ya uzamifu ungeahirishwa. Kwa mwenyeji, kuahirishwa ni kero. Kwa mgeni ni jambo jingine kabisa: ada yake ni kubwa kuliko ya mwenyeji, ufadhili wake una tarehe ya mwisho, na kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na usajili wake chuoni. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikihesabu ni nani nyumbani ningemwambia kwanza.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa huko, ambaye nilimwonyesha karatasi zile kwa hasira nikitaka ashuhudie kwamba hapakuwa na mahali nilipoagizwa kufanya lolote. Alizisoma akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Inavutia," akanieleza, hapo maana yake ni kwamba mzee hakushawishika. "Labda ungependa" ni amri. Na lile neno "quite", ambalo kwetu mwalimu akilitia mbele ya sifa twaona ameongeza sukari, Mwingereza aghalabu hulitumia kuipunguza.

Mnamo 1983 mwanaisimu Jenny Thomas alichapisha makala kuhusu kushindwa kuelewana baina ya watu wa tamaduni tofauti. Nilikuwa nimeisoma kabla ya kuondoka Kenya. Nilikuwa hata nimeijibia swali la mtihani na kupata alama nzuri. Hoja yake ni nyepesi kueleza lakini ni nzito ikikufika mwenyewe. Mgeni akikosea sarufi, msikilizaji hutambua mara moja kwamba lugha si yake, humsamehe, pengine humsaidia. Lakini mgeni mwenye ufasaha akikosea kanuni za matumizi, msikilizaji haoni kosa la lugha. Huona tabia. Husema huyu ni mkaidi, huyu ni mvivu, huyu hakulelewa vyema. Kumbe basi kadiri Kiingereza chako kinavyozidi kuwa safi, ndivyo unavyopungukiwa na huruma ya wasikilizaji. Mchina aliyekuwa darasa moja nami, ambaye vitenzi vyake vilikuwa vikipishana na nyakati zake, alipelekewa mwalimu wa kumsaidia. Mimi nilipelekewa barua.

Kila lugha ina mahali inapoiweka adabu. Kiingereza cha Waingereza huiweka sana katika kitenzi: ungeweza, ningeshukuru kama, labda ungependa. Sisi huiweka kwingine. Mtu akisema "Mama, nipe chumvi" hajamkosea yeyote, kwa sababu heshima imekwisha kulipwa na neno "mama", na salamu zilizotangulia, na sauti yenyewe. Mfasirie Mwingereza sentensi hiyo neno kwa neno, uondoe "mama" kwa kuwa huyo mwenye chumvi si mama yako, na kilichobaki ni amri tupu. Au chukua neno "pole". Mkenya akimwona mtu amejikwaa njiani humwambia "sorry", kwa kuwa ndilo chombo cha Kiingereza alichokipata cha kutilia pole yake. Mwingereza hujibu kwa mshangao kwamba kosa si lako. Huko kaskazini watu wakikutana asubuhi huulizana kama uko sawa, nami wiki za kwanza nilikuwa nikieleza kwa kirefu habari za mafua yangu kwa watu waliokwisha kupita. Lakini ni nani kati yetu ambaye, akisalimiwa "Sasa?" katika barabara ya Moi jijini Nairobi, huitazama saa yake?

Dell Hymes wa Marekani aliliita jambo hili umilisi wa kimawasiliano, na makala yake ya 1972 ingali inasomwa katika kila idara ya isimu. Kwamba kujua sarufi hakutoshi. Mzungumzaji hana budi kujua pia wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, aseme nini na nani, wapi na kwa namna gani. Wanafunzi wetu hufunzwa nusu ya kwanza kwa bidii kubwa, na fimbo zamani ilihusika. Nusu ya pili huikuta huko waendako, na aghalabu hugundua kwamba walitahiniwa kabla ya kufundishwa.

Mahali panapoumiza zaidi ni katika semina. Tulikuwa kumi na mbili tukizunguka meza moja. Mwalimu aliingia, akataka tumwite kwa jina lake la kwanza, akatupa swali, kisha akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi. Wenyeji wakaanza. Mmoja alisema hakubaliani na kitabu cha mwalimu mwenyewe. Nilingoja radi ianguke. Mwalimu alitabasamu akasema hilo ni jambo la kufikiriwa. Mimi nilikuwa na hoja. Niliipanga vizuri kichwani, nikaipiga msasa, nikangoja mzungumzaji amalize na kimya kidogo kipite, kama ilivyo heshima. Kimya hakikuja. Kila mmoja alidakia mkia wa sentensi ya mwenzake, na hoja yangu ilipokuwa tayari mazungumzo yalikuwa yamevuka mito miwili. Mwisho wa muhula iliandikwa kwamba mchango wangu darasani ulikuwa hafifu. Kuhusu jina la mwalimu, kwa muda wa mwaka mzima sikumwita chochote. Nilikuwa nikikohoa kidogo au kusimama mahali atakaponiona.

Nisije nikaeleweka vibaya: sisemi kwamba Waafrika hunyamaza na Wazungu husema. Katika meza ile palikuwa na Mnigeria ambaye wenyeji wenyewe walimwomba nafasi. Ninachosema ni kwamba kila darasa lina kanuni zake za kugawana maneno, na kanuni hizo hazijaandikwa ukutani. Susan Philips alilichunguza jambo hili miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani katika hifadhi ya Warm Springs, jimbo la Oregon, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Watoto wa jamii hiyo walikaa kimya walipoitwa mmoja mmoja kujibu mbele ya darasa zima, na walimu wakawaona wazito. Walipowekwa katika vikundi vidogo walivyoviendesha wenyewe, walizungumza. Nyumbani kwao mtu hujifunza kwa kutazama muda mrefu, akajaribu faraghani, akajitokeza mbele ya wengine akiwa tayari. Shule iliwataka wajaribu hadharani na wakosee hadharani. Nilipokisoma upya kitabu hicho Uingereza, nilimkumbuka bibi yangu alivyonifundisha kusuka kikapu: hakuniuliza swali hata moja.

Wapo wataalamu wanaolitazama suala hili kwa jicho la saikolojia. Kalervo Oberg alieneza istilahi ya mshtuko wa kitamaduni katika hotuba yake mjini Rio de Janeiro mwaka 1954, na makala yake ya 1960 inanukuliwa hadi leo. Sverre Lysgaard naye, mwaka 1955, aliwachunguza Wanorwe waliopata ufadhili wa kusoma Marekani akapendekeza kwamba mgeni huanza na furaha, akashuka bondeni, kisha akapanda tena. Ofisi za wanafunzi wa kigeni hupenda sana mchoro wa bonde hilo ingawa tafiti za baadaye zimeutilia shaka. Mimi ninao ugomvi nao wa aina nyingine. Mchoro huo humweka mgeni peke yake na hisia zake, kana kwamba tatizo ni homa itakayopoa kwa kungoja. Mimi sikuwa na huzuni nilipoipuuza amri ya msimamizi wangu. Nilikuwa na furaha tele.

Tumewapeleka watoto wetu ng'ambo kwa muda mrefu. Mnamo Septemba 1959 ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, miongoni mwao Jackie Robinson na Harry Belafonte, ilitoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81. Waliofuata mwaka 1960 walikuwa pamoja na msichana wa Nyeri ambaye sisi sote twamjua kwa jina la Wangari Maathai, aliyepelekwa katika chuo cha watawa cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2006 amesimulia mengi kuhusu miaka hiyo. Daima nimedhani kwamba kilichomshika mkono huko Kansas si Kiingereza chake pekee. Alikuwa amesomeshwa na watawa huku kwetu, pamoja na shule ya Loreto Limuru. Kengele, sala, kimya cha jioni na namna ya kumjibu sista vilikuwa mambo aliyokwisha kuyajua. Alivuka bahari akakuta nyumba ambayo baadhi ya kanuni zake zilikuwa zimemlea.

Katika miaka hiyohiyo wengine walielekea Mashariki. Chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kiliwapokea vijana wasiojua neno moja la Kirusi, na kwa hiyo kiliwapa mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe. Vivyo hivyo leo wengi wanaofadhiliwa na Uchina kusomea shahada ya kwanza huanza na mwaka wa Kichina, na Ujerumani huwapitisha wengi wenye vyeti vya sekondari vya kigeni katika mwaka wa matayarisho. Tazama basi kinaya kilichopo. Anayekwenda kwa lugha asiyoijua hupewa mwaka mzima wa kujifunza si lugha tu bali pia jinsi ya kukaa darasani, kuuliza, kukosea na kurekebishwa. Anayekwenda Uingereza au Marekani hupewa ramani ya chuo na kadi ya maktaba, kwa kuwa "Kiingereza anakijua".

Mjomba wangu alisomea Pune. Hizo zilikuwa zile zama za miaka ya 1980 na 1990 ambapo nafasi katika vyuo vyetu vikuu zilikuwa haba, na harambee za kumpeleka mtoto India zilikuwa jambo la kila mwisho wa wiki. Alitusimulia kwamba muhula wa kwanza aliamini walimu wake wote walimwona mpumbavu, kwa sababu kila alipojibu swali walitikisa kichwa huku na huku. Ilimchukua miezi kujua kwamba kichwa hicho kilikuwa kikisema "ndiyo, nimekuelewa, endelea". Alikuwa amejifunza kunyamaza ili asitikisiwe kichwa.

Sasa Mkenya anayetaka kwenda katika nchi zinazosema Kiingereza, vyuo vingi humtaka afanye mtihani wa lugha na alipie kutoka mfukoni. TOEFL ilianza mwaka 1964 na IELTS mwaka 1989. Si mitihani mibaya. Hupima kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema. Katika IELTS sehemu ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14. Lakini hakuna dakika hata moja kati ya hizo inayompima mtahiniwa kama ataweza kumkatiza profesa kwa adabu, au kutambua kwamba amekaripiwa. Anayepata alama za juu hutoka akiamini kwamba yuko tayari, na chuo kinachompokea huamini hivyo pia.

Nageuka sasa kwa walimu wenzangu wa shule za upili, kwa sababu kuna jambo tunalolipanda sisi wenyewe. Katika insha twamfunza mwanafunzi kwamba kalamu nzuri ni ile iliyojaa methali, misemo na mafungu ya maneno yaliyokwisha kusifiwa. Mwanafunzi hodari hukariri insha ya mfano, akaimega, akaipanga upya, nasi twampa alama. Ndani ya utamaduni wetu hilo halikuwa wizi kamwe. Anayesema "wahenga walinena" hataji jina la mhenga, kwa kuwa hekima ni mali ya wote, na kurudia maneno ya mwalimu ni kumheshimu. Kijana huyo akifika chuo cha ng'ambo akaandika hivyohivyo, programu ya kompyuta huipaka karatasi yake rangi na huitwa mbele ya kamati. Nimekaa na wazazi wa kijana aliyerudishwa nyumbani kwa kosa hilo. Baba yake aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Mwanangu ameiba nini, na ni nani aliyekosa kitu chake?"

Sitetei kunakili. Desturi ya kutaja chanzo ni njema, nami huwaadhibu wanafunzi wangu wanaoikiuka. Lakini huwaadhibu baada ya kuwafundisha, na mafundisho hayo yangeweza kuanza kidato cha pili kwa kumwuliza mtoto swali dogo: hili ni lako au umelipata wapi? Aidha, angeweza mapema kuzoezwa kumpinga mwalimu kwa hoja na akatoka salama. Mtaala mpya ulioanza kutumika kwa majaribio mwaka 2017 unazungumzia sana umilisi na mawazo ya mwanafunzi mwenyewe. Nimeusoma kwa matumaini. Darasa lenye watoto sabini na mwalimu mmoja, hata hivyo, lina mtaala wake usioandikwa, na mtaala huo husema: nyamaza.

Ningekomea hapo, nikabaki mlalamikaji aliyeonewa na Waingereza, lau si kijana mmoja kutoka Bujumbura.

Sisi pia ni wenyeji siku hizi. Mnamo 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu, na katika madarasa yetu mna Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Wasudan Kusini na Wasomali. Kijana huyu alikulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, kwa hiyo tulisalimiana bila taabu, naye alikuwa na salamu ndefu kuliko za wanafunzi wangu wote wa Kenya wakijumlishwa. Masomo yake ya sekondari yalikuwa ya Kifaransa. Niliwapa wanafunzi kazi ya muhula: je, watoto wa darasa la kwanza wafundishwe kwa lugha ya mama? Karatasi yake ilianza kwa kuuliza swali upya bila kulijibu. Kurasa mbili zikatetea lugha ya mama kwa nguvu. Kurasa mbili zilizofuata zikaipinga kwa nguvu ileile. Msimamo wake ulijitokeza katika ukurasa wa mwisho. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Unajipinga", na chini yake, "Hujui unachotaka kusema". Nilimpa alama 11 kati ya 30.

Alikuja ofisini siku ya tatu. Alisimama mlangoni hadi nilipomwita mara mbili. "Samahani sana, Mwalimu," akasema, "sikuja kudai alama. Nimekuja kuuliza hapa kwenu jibu huwekwa wapi." Akanieleza kwamba kwao mwanafunzi anayetangaza msimamo wake katika aya ya kwanza huonekana mtu asiye na subira, aliyekwisha kuhukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Alifundishwa kujenga upande mmoja kwa uaminifu, kisha upande wa pili kwa uaminifu uleule, ndipo atoe uamuzi unaovizidi vyote viwili. Ndiyo insha ya Kifaransa, na nilikuwa nikiijua kutoka vitabuni kama nilivyoijua makala ya Jenny Thomas. Robert Kaplan aliandika mwaka 1966 kuhusu jinsi wanafunzi wa lugha mbalimbali wanavyopanga hoja. Amekosolewa sana tangu hapo, tena kwa haki, kwa michoro yake iliyomwonyesha Mwingereza akienda moja kwa moja kama mshale na wengine wakizunguka. Mimi huwafundisha wanafunzi ukosoaji huo kila mwaka. Siku ile nilikuwa nimeushika mshale wa Kaplan mkononi nikamchoma nao mtu.

Niliisoma karatasi ile upya mbele yake. Ilikuwa miongoni mwa karatasi tatu bora za darasa. Alikuwa na ufadhili uliomtaka adumishe wastani fulani. Sikulijua hilo nilipokuwa nikiandika kwa kalamu nyekundu, naye hakulitaja mpaka nilipomwuliza. Nilirekebisha alama. Kisha tulikaa saa nzima nikimweleza jinsi sisi tunavyoanza na jibu, na kwa nini, na yeye akiniuliza maswali ambayo msimamizi wangu wa Uingereza hakuwahi kuulizwa nami, kwa kuwa sikujua kwamba yangeweza kuulizwa.

Tangu hapo wiki ya kwanza ya muhula haina mhadhara. Nawaambia wanafunzi mambo ambayo nilidhani kila mtu ayajua: kwamba nikiuliza "kuna swali?" nangoja kweli, kwamba hoja yao kuu waiweke aya ya kwanza, na wale waliofundishwa vinginevyo waje tuzungumze, kwamba kunitazama chini sikuhesabu kuwa ujinga wala kiburi, kwamba mtu anaweza kuniletea mchango wake kwa maandishi ikiwa mdomo hautaki. Nawaonyesha pia karatasi zilizosahihishwa na twasoma pamoja maana ya kila neno la pembeni. Wenzangu idarani wanasema napoteza saa tatu za mafundisho. Huwajibu kwamba mimi nilipoteza muhula. Na wale wanaokuja kunitaka barua za mapendekezo ili waende ng'ambo huwaambia jambo moja: mwalimu akikurudishia kazi, mwendee umwulize waziwazi, "Je, hili ni shauri au ni agizo?" Watamwona mshamba kwa siku moja. Ni gharama ndogo.

Kijana wa Bujumbura alihitimu, na mwaka jana aliniletea barua yake ya kuomba nafasi ya uzamili nchini Kanada. Ilikuwa nzuri ila aya ya pili ilirefuka kupita kiasi. Nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, "Labda ungependa kufupisha hapa." Kesho yake aliirudisha. Aya ya pili ilikuwa vilevile, nukta kwa nukta.

"Niliitazama, Mwalimu," akasema kwa furaha, "nikaona inafaa."

Nilifuta maneno yale nikaandika, "Fupisha."